Simu ya Alhamisi

Kila Jumamosi asubuhi, kabla mteja wa kwanza hajafika, Chiriku alifagia sakafu ya saluni, akaosha vitana na machanuo kwa maji ya moto na sabuni, kisha akafuta kioo kikubwa mpaka kikang'aa. Kazi hizo alizifanya kwa sababu aliagizwa. Ile aliyoifanya kwa kupenda ilianza baadaye, wateja walipokwisha kukaa vitini: kuwasomea gazeti.

Saluni ilikuwa ya mama yake. Ilikuwa chumba kimoja chenye viti vitatu, benchi la kusubiria, redio juu ya rafu na pazia lililoficha beseni la kuoshea nywele. Mama alikuwa msusi mwenye vidole vyepesi, na kusuka kichwa kimoja vizuri kulimchukua saa tatu au nne. Kwa kuwa hakuna anayeweza kukaa saa nne akijitazama kwenye kioo, wateja walizungumza. Walijadili habari za nchi, kesi zilizovuma, mila za kushika na za kuacha, wakwe, waume, na zaidi ya yote watoto na namna ya kuwalea. Aliyepita nje alidhani kuna mkutano ndani, na hakukosea sana.

Gazeti lililetwa na mteja wa siku nyingi aliyefanya kazi mahakamani, akipanga majalada ya kesi. Wote walimwita Karani. Aliingia nalo kwapani, akampa Chiriku kabla hajavua viatu. Chiriku alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita. Alisoma haraka, kwa sauti kali na safi, bila kukwama hata kwenye maneno marefu ya serikali. Jina lenyewe alipewa na wateja, maana alianza kuongea mapema kuliko watoto wengine na tangu hapo hakuwahi kupumzika. Wakimsifu, alijifanya hasikii, kisha akasoma kwa sauti kubwa zaidi.

Mambo yalibadilika mama mkubwa, dada yake mama, alipopelekwa masomoni mbali. Alikuwa muuguzi, na masomo yalikuwa ya mwaka mzima. Binti yake, aliyepishana na Chiriku miezi mitatu tu, akaletwa kukaa nao. Alikuwa mpole, mwembamba, mwenye mazoea ya kuinamisha kichwa kidogo mtu akizungumza, kama anayepima uzito wa kila neno. Nyumbani walilala kitanda kimoja, na wiki ya kwanza walicheka mpaka mama akagonga ukuta.

Jumamosi yake ya kwanza saluni, mgeni alikaa kwenye benchi kimya. Chiriku alisoma habari ya baba mmoja aliyemfungia nje mwanawe wa kiume kwa kufeli mtihani. Mwanamke aliyeuza mkaa kona ya pili, ambaye watu walimwita Mama Mkaa na aliyekuwa na maoni kuhusu kila kitu, alisema baba alifanya sawasawa, maana mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Karani alisema kumfungia mtoto nje si malezi, ni kesi. Walipokuwa katikati ya ubishi, sauti ndogo ilitoka kwenye benchi.

"Kwani huyo mtoto mwenyewe alisemaje?" aliuliza mgeni. "Wamemhoji baba, jirani na mwalimu. Yeye hawakumuuliza?"

Karani aligeuza kichwa huku msuko ukiwa bado mikononi mwa mama, akavutwa nywele na wala hakujali. Akasema amekaa mahakamani miaka kumi na sita, na swali hilo amewasikia watu wazima wengi wakisahau kuliuliza. Akamwita Wakili, na jina likamganda.

Toka siku hiyo Chiriku alisoma, lakini macho ya wateja yalikuwa kwa mwenzake. Alipofika nukta ya mwisho, hakuna aliyesema amesoma vizuri. Waliuliza, "Wakili anasemaje?" Na Wakili aliinamisha kichwa, akauliza kwa nini hili, kwa nini lile, na mjadala ukawaka. Mama Mkaa, aliyekuwa akibishana naye kuliko wote, alianza kumletea matunda.

Chiriku aliona wivu. Alijaribu naye kuuliza maswali, lakini aliuliza yaleyale ambayo gazeti lilikuwa limeshajibu, watu wakatabasamu kwa huruma. Huruma ile ilimuuma kuliko kuchekwa. Nyumbani alianza kuhesabu: nani ameitwa kwanza, nani amepakuliwa chakula kingi, nani ameambiwa ahsante. Wakili alisifiwa kwa kupenda kuuliza kwa nini. Chiriku akashikwa na ile roho ya kwa nini, ambayo haiulizi ili ijue. Kwa nini yeye? Kwa nini si mimi? Usiku walipolala, alimgeuzia mgongo.

Siku moja akaja mteja mpya, mtangazaji wa redio ndogo ya mjini, iliyokuwa kwenye ghorofa nyuma ya soko. Alikuwa na kipindi cha malezi kila Jumamosi saa kumi alasiri, na saluni nzima ilikifahamu. Siku hiyo gazeti lilikuwa na habari ya shule iliyopiga marufuku fimbo. Mama Mkaa alisema yeye alichapwa na hakufa. Wakili akamjibu kwa adabu kwamba hata aliyeanguka mtini na kupona hawezi kumshauri mwanawe aanguke. Wateja walicheka mpaka Mama Mkaa mwenyewe akajifuta machozi.

Mtangazaji hakucheka. Alikuwa anawaza. Kabla hajaondoka alimwomba mama ruhusa ya kumwalika Wakili kwenye kipindi, Jumamosi ya wiki iliyofuata, ili azungumze kama mtoto kuhusu adhabu. Mama alikubali kwa furaha. Mtangazaji akamgeukia Chiriku, aliyekuwa bado ameshika gazeti, akamwambia anasoma vizuri. Aliyasema maneno hayo huku akitafuta viatu vyake.

Wiki ile yote nyumbani ilikuwa redio, redio. Majirani walipita kumtakia Wakili heri. Baba, dereva wa lori aliyekuwa safarini, alipiga simu akasema atasimamisha gari pembeni ili asikilize. Chiriku alikumbuka kwamba alipokuwa wa kwanza katika mashindano ya kusoma ya shule, baba alisema vizuri, akauliza kama paa limeacha kuvuja.

Alhamisi, baada ya shule, saluni haikuwa na watu wengi. Mama alikuwa nyuma ya pazia anamwosha mteja nywele, maji yanamwagika kwa kelele. Alikuwa amemtuma Wakili kwa fundi cherehani kuchukua aproni mpya. Simu ya mama ikaita juu ya meza. Chiriku akapokea.

Alikuwa mtangazaji. Alizungumza haraka, akasema Jumamosi saa kumi kutakuwa na matangazo ya mpira, hivyo kipindi kimerudishwa nyuma. "Mwambie mama, Wakili afike saa nane kasoro robo, si saa kumi. Saa nane tunaanza. Umenielewa, mwanangu?"

"Ndiyo, nimeelewa," alisema Chiriku.

Na kweli alitaka kusema. Aliiweka simu, akasimama karibu na pazia akisubiri maji yaishe. Mama alitoka akijifuta mikono, akatazama mlangoni, akauliza kama Wakili hajarudi, kisha akajijibu mwenyewe. "Huyu ukimtuma unajua amefika. Si wewe, ukitumwa chumvi unarudi na habari."

Alisema kwa utani, na mteja mwenye kichwa kilichofungwa taulo akacheka. Mama hakuona uso wa binti yake. Maneno ya mtangazaji yalikuwa yamefika ncha ya ulimi wa Chiriku. Akayameza.

Alijiambia atasema jioni. Jioni alijiambia atasema kesho. Ijumaa alijiambia kwamba mtangazaji hawezi kukosa kupiga tena, na kwamba mambo ya watu wazima wanayajua wenyewe. Lakini kila alipomwona Wakili akijinong'onea maneno ya kusema redioni, alitoka nje.

Jumamosi saluni ilijaa. Waliokuja kusukwa walikuwa watatu. Wengine wote walikuja kusubiri saa kumi. Mama aliamua kumsuka Wakili ili aende akiwa nadhifu, ingawa redioni nywele hazionekani. Saa nane mchana upande mmoja wa kichwa ulikuwa umekwisha na upande wa pili ulikuwa umesimama kama nyasi. Redio ilikuwa inapiga muziki kwa sauti ya chini. Muziki ukakatika, na sauti ya mtangazaji ikawakaribisha wasikilizaji kwenye kipindi cha malezi.

Mama aliganda na chanuo mkononi. Karani alisogea kwenye rafu akaongeza sauti.

"Leo tulikuwa na mgeni, mtoto wa kike mwenye akili sana," mtangazaji alisema. "Kwa bahati mbaya hajafika. Basi tutaendelea hivyo hivyo."

Wakili aliinuka. Alichukua kanga ya mama iliyokuwa mlangoni, akajifunga kichwani, akakimbia. Walimwona akivuka barabara, kanga ikimteleza, upande wenye msuko na usio na msuko ukionekana kwa zamu. Wengine walisikiliza kipindi mpaka mwisho kwa sababu hakuna aliyejua la kufanya. Chiriku alishika ufagio akafagia mahali ambapo hapakuwa na nywele.

Wakili alirudi baada ya kama saa nzima, vumbi limemfika magotini. Alisema mlango wa studio ulikuwa umefungwa, amesubiri kwenye ngazi. Mtangazaji alipotoka alimwambia alipiga simu Alhamisi alasiri, akapokea mtoto wa kike, akasema ameelewa.

Mama alifungua simu yake, akatafuta. Ilikuwapo: Alhamisi, saa tisa na dakika arobaini, imepokelewa. Aliwatazama watoto wawili waliokuwa mbele yake, ambao sauti zao kwenye simu hata majirani walizichanganya. Akauliza nani aliyepokea.

"Si mimi," alisema Chiriku. Neno lilitoka kabla hajalifikiri, na likishatoka halikurudi.

Wakili alimtazama. Kisha akamgeukia mama. "Mama mdogo, si mimi. Siku ile nilikuwa..."

"Sitaki visingizio," mama alimkata kauli. Aibu ya mbele ya wateja ilikuwa imempanda. "Jumatatu si uliniambia unaogopa? Hukuniambia kwamba heri aende Chiriku, yeye ndiye mwenye sauti nzuri? Uliogopa, ukaificha habari ya simu. Ungesema tu. Umewapotezea watu muda wao, umeniaibisha mimi."

Chiriku hakuwa anajua habari ya Jumatatu. Aliisikia pale kwa mara ya kwanza, mbele ya watu, ikiwa imegeuzwa ushahidi dhidi ya aliyeisema. Hapo ndipo angeweza kusema, na alijua. Alinyamaza.

Hukumu ilikuwa kwamba Wakili hatakuja tena saluni Jumamosi. Atabaki nyumbani afue. Mama Mkaa alisema watoto wa siku hizi wana akili nyingi za kuongea na chache za kutenda. Hakuna aliyebisha. Hata Karani alikunja gazeti lake akatazama nje.

Wiki iliyofuata Chiriku alipata kila alichokuwa akikitamani. Jumamosi ilikuwa yake tena. Hakukuwa na wa kulinganishwa naye. Lakini hakuwahi kupitisha wiki ngumu kama ile. Wakili hakumgombeza, hakumsengenya, hakumnunia. Alimpisha mlangoni, akamwachia nafasi kubwa kitandani, akazungumza naye kama unavyozungumza na mtu uliyepanga naye nyumba. Majirani waliomtakia heri sasa walimwita "yule aliyekimbia redio". Ijumaa jioni Chiriku alimkuta anakunja nguo zake kwenye begi. Alikuwa amemwandikia mama yake barua, anaomba ahamishiwe shule ya bweni.

Jumamosi Karani alikuja na gazeti. Chiriku alikaa kwenye kiti cha katikati, akasoma habari ya ukurasa wa tatu. Mlinzi mmoja wa ghala alikuwa amewekwa mahabusu miezi saba, akishtakiwa kuiba. Mwenzake wa zamu ndiye aliyemtaja. Baadaye iligundulika kwamba saa ya wizi mlinzi huyo alikuwa zahanati na mtoto mgonjwa, na kadi ya zahanati yenye tarehe na muhuri ilikuwa mfukoni mwake siku aliyokamatwa. Hakuna aliyemuuliza alikuwa wapi.

Wateja wakaanza. Mama Mkaa alisema huyo mwenzake wa zamu apewe miezi saba hiyo hiyo, na saba ya nyongeza. Alitaka kujua kwa nini alimsingizia. Gazeti halikusema. Mama Mkaa akaguna, akasema Wakili angekuwepo angewachambulia, kisha akakumbuka, akaongeza kwamba lakini naye, aa, simu tu ilimshinda. Wawili watatu wakacheka.

Zamani, kusikia jina lile kungemchoma Chiriku kwa wivu. Safari hii kicheko ndicho kilichomchoma. Aliona wazi kwamba kicheko kile alikitengeneza yeye, na kwamba kitaendelea kuchekwa hata Wakili akishaondoka.

Karani alizungumza akitazama kioo. "Mwongo alikuwa mmoja. Lakini askari hakuuliza, bosi hakuuliza, majirani hawakuuliza. Mtu hafungwi na uongo peke yake. Hufungwa na uongo na uvivu wa wanaousikiliza."

Chiriku aligeuza ukurasa. Alijaribu kuendelea na habari iliyofuata, akasoma mstari mmoja mara mbili, akalishusha gazeti.

"Mama," alisema. "Simu ya Alhamisi nilipokea mimi."

Mikono ya mama ilisimama. Chiriku akasema yote, bila kupamba na bila kusimama, kama alivyozoea kusoma: maji yaliyokuwa yakimwagika, saa nane kasoro robo, maneno ya kuhusu chumvi, na wivu.

Mama alikaa kwenye benchi polepole. Hakumtazama binti yake, alitazama aproni aliyoivaa. "Alhamisi ile nilimtuma mimi mwenyewe kwa fundi," alisema. "Mimi mwenyewe. Aproni alileta yeye. Alianza kunieleza nikamkata kauli."

Mama Mkaa ndiye aliyemjibu kwanza. Alitaka fimbo, akasema kwa kosa kama hili hata shule iliyopiga marufuku ingeomba ruhusa. Mama alikataa. Alisema akimchapa sasa atakuwa anaondoa hasira yake tu, na kazi ya kusafisha uongo itabaki palepale. Akavua aproni, akamwomba radhi mteja aliyekuwa amesukwa nusu ya kichwa, akasema anakwenda nyumbani kumwomba mtoto msamaha.

"Wewe umwombe mtoto?" Mama Mkaa alishangaa kwa dhati. "Mila gani hiyo? Kesho atakupanda kichwani."

"Akinipanda nitamshusha," mama alijibu. "Leo aliyekosa ni mimi."

Walimkuta Wakili bombani, mikono imejaa povu. Mama alichutama mbele yake mpaka macho yao yakalingana. Akamwambia kwamba alimhukumu bila kumsikiliza, tena mbele ya watu, na kwamba amekosa. Wakili alitazama povu. Kisha akamtazama Chiriku aliyesimama nyuma, anayeshindwa kuinua uso.

"Nilijua ni wewe," alisema. "Hapakuwa na mtu mwingine."

"Mbona hukunitaja?" Chiriku aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nani angeniamini? Wewe ni mtoto wa nyumba. Mimi ni mgeni."

Maneno yale hayakusemwa kwa hasira. Mama alifunika uso kwa kiganja, na Chiriku akamwona akilia, jambo ambalo hakuwahi kuliona. Chiriku akaomba msamaha. Wakili alisema amesikia. Hakusema amesamehe, na mama hakumlazimisha aseme.

Kazi ya kusafisha ilianza siku hiyo hiyo. Mama alimwambia Chiriku kwamba uongo aliouacha mbele za watu lazima auondoe mbele za watu, na kwa miguu yake mwenyewe. Alimpeleka mpaka chini ya ngazi za redio, akamwacha apande peke yake. Mtangazaji alimsikiliza hadi mwisho, kisha akakiri kwamba wiki nzima amekuwa akimfikiria Wakili vibaya. Kutoka pale Chiriku alipita kwa majirani, nyumba moja baada ya nyingine, na kwa wateja wote waliokuwepo. Wengine walimkaripia. Mmoja alimfungia mlango. Fundi cherehani alimsikiliza huku sindano ziko mdomoni, akatikisa kichwa tu, na hilo lilikuwa baya kuliko makaripio. Jumamosi za mwezi mzima hakusoma gazeti. Alilisoma Karani mwenyewe, kwa sauti nzito ya mahakamani iliyowapa wateja usingizi.

Wakili alifungua begi siku ya tatu. Hakutangaza. Chiriku aliona tu nguo zimerudi kwenye msumari, na usiku ule alilala akiutazama upande wa mwenzake. Walianza kuzungumza kidogo kidogo, kwanza mambo ya shule, kisha mengine.

Baada ya wiki mbili mtangazaji alimwita Wakili tena. Safari hii simu ilipigwa mara tatu, na mara zote mama aliipokea mwenyewe, hata mikono ikiwa na mafuta. Saluni ilijaa. Chiriku alikaa kwenye benchi, karibu na redio. Mada ilikuwa haki ndani ya nyumba. Alijua kwamba mjini watu wengi wanasikiliza, na baba yake amesimamisha lori pembeni mahali fulani, na neno moja la Wakili lingetosha.

Mtangazaji aliuliza kama mtu mzima amewahi kumkosea, na ilikuwaje.

"Ndiyo," sauti ya Wakili ilisema, tulivu kama siku ile bombani. "Nilihukumiwa kosa ambalo sikufanya. Lakini aliyenihukumu alikuja akaniomba msamaha. Alichutama chini. Toka siku ile namheshimu kuliko zamani."

"Na aliyesababisha uhukumiwe?"

Mama aliongeza sauti ya redio.

"Naye alisema ukweli wakati hakuna aliyemshika," alisema Wakili. "Hilo ni gumu. Jina lake si la redioni."

Mama Mkaa alipenga kamasi kwenye kanga yake, akasema kuna vumbi. Chiriku alikuwa amefumba macho. Wivu ulikuwepo bado, hakujidanganya. Alisikia jinsi Wakili anavyozungumza vizuri, na kitu kikamchoma palepale kinapochoma siku zote. Lakini safari hii alikaa nao kimya bila kuutii.

Kipindi kilipokwisha mama alimvuta binti yake karibu, akamwambia maneno ambayo wateja waliyasikia wote, na Karani akayaandika pembeni mwa gazeti.

"Mwanangu, wivu hubisha hodi kwa kila mtu, hata kwangu mimi mtu mzima. Kubisha hodi kwake si kosa lako. Kosa ni kuufungulia, nao ukaanza kusema na kunyamaza kwa niaba yako. Ukiuona umekuja, niambie mimi kabla hujauonyesha kwa mwenzio. Na mimi nitaacha kuwapima ninyi kwa kipimo kimoja, maana nilikuwa naupikia wivu huo bila kujua. Mzazi anayetaka haki itoke mahakamani aanze kuigawa nyumbani, na mtoto anayetaka kusifiwa asiivunje sifa ya mwingine ili apate ya kwake. Ukivunja ya mwenzio, unabaki na vipande, na vipande havivaliki."

Chiriku aliitikia kwa kichwa. Kisha akaomba ruhusa, akatoka, akaenda kumsubiri dada yake chini ya ngazi za redio.